Hotuba: Je, ada ya chama cha bustani bado ina faida?

Wengi mnaniuliza: kwa nini tulipe ada ya Kenya Horticultural Society ilhali simu ina majibu yote?

Simu itakuonyesha waridi la Uingereza, lakini haiujui udongo wako. Mwaka 1934, wanachama walishiriki kuandika kitabu, Gardening in East Africa, kuhusu bustani za huku kwetu. Ujuzi huo bado twauhitaji.

Tena baadhi ya mishubiri ya porini iko hatarini kutoweka. Mwanachama huomba chipukizi kwa mwenzake, haendi kung'oa msituni.

Lakini usipohudhuria mikutano wala kugawa mbegu, ada yako imepotea bure. Lipa, kisha ufike na mche mkononi.