TAARIFA YA TAWI: UJUMBE WA MAKAO MAKUU UNAKUJA KUTUSIKILIZA

_(Maneno yaliyosomwa na Kamati ya Tawi barazani jana usiku, hapa Wete. Tunayatuma kwa ambao hawakuwahi kufika.)_



Tumepokea barua kutoka Makao Makuu. Jumamosi hii ujumbe wa viongozi utavuka kutoka Unguja na kushuka Mkoani. Utaanza na kikao cha Chake Chake, kisha utakuja kwetu. Kikao chetu ni *saa 8:00 mchana*, ofisi ya tawi.

Suala ni moja: chama kiingie au kisiingie katika mazungumzo ya serikali ya pamoja. Uamuzi haujapitishwa. Ndiyo maana wanakuja.

Ndugu zetu, jambo hili si geni kwetu. Muafaka wa 1999 ulitiwa saini na wakubwa, ukabaki karatasi. Ukaja uchaguzi wa 2000, na Januari 26 na 27, 2001 damu ikamwagika. Wenzetu wakapanda vyombo usiku kukimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba mwaka huo huo ukatiwa saini muafaka wa pili, nao haukutufikisha kwenye serikali ya pamoja. Novemba 2009 Rais Karume na Maalim Seif wakakaa pamoja, na safari hii wananchi tukaulizwa: Julai 31, 2010 tulipiga kura ya maoni, na asilimia 66 wakasema ndiyo. Umoja huo uliyumba baada ya uchaguzi wa 2015 kufutwa, lakini kifungu chake kilibaki ndani ya Katiba. Funzo tunalolipata ni hili: la kuulizwa watu lina mizizi kuliko la kufungiwa chumbani.

Kwa hivyo tumepanga hivi:

*1.* Wageni watazungumza kwa dakika 15. Muda unaobaki ni wa wanachama. Makao Makuu wamelikubali hili.

*2.* Kila shina lilete wasemaji wawili, mmoja wao awe mwanamke. Majina yamfikie Katibu kabla ya Alkhamisi usiku.

*3.* Kila hoja itaandikwa, ya kukubali na ya kukataa. Tumeomba nakala ya muhtasari ibaki tawini. Hili bado hatujajibiwa, na tutalikumbusha mbele yao.

*4.* Hakuna mchango wa lazima, hakuna sare mpya, hakuna msafara wa bodaboda. Maji na kahawa vipo.

Tuseme na la kwetu. Ujumbe uliopita tuliupokea kwa ngoma na nyimbo mpaka jua likatua, yakaulizwa maswali mawili tu. Kosa hilo lilikuwa letu pia, sisi wa Kamati. Tulijali mapokezi tukasahau kikao. Tunaomba radhi.

Tunajua kuna wenzetu wamesema hawaji, kwamba mambo yameshapikwa na sisi tunaitwa kupakua. Hatuwalaumu, wana sababu zao. Wapo waliozika, wapo waliofungwa, wapo waliokosa kazi kwa sababu ya kadi. Lakini susa, wenzio twala. Asiyekuja hataandikwa, na asiyeandikwa itasemwa amekubali. Njooni mseme hapana yenu mbele ya wakubwa, nasi tutailinda kama tutakavyoilinda ndiyo.

Asizomewe mtu. Anayetaka mazungumzo si msaliti, na anayeyakataa si mkorofi. Sote ni watoto wa nyumba moja.

Wenye simu wawasomee wasio na simu. Wazee wasioweza kutembea watajwe kwa mabalozi wa mashina, tutawafuata.

Wabillahi tawfiq.

*Kamati ya Tawi*