Mungu anamwamini, dini hana

Ndugu msikilizaji, kama umewahi kulazwa hospitali, au kuitwa mahakamani kutoa ushahidi, unayajua maswali ya karani. Jina? Umri? Kabila? Dini? Hilo la mwisho wengi wetu tunalijibu bila hata kufikiri. Mkristo. Mwislamu. Karani anaandika, anaendelea na mwingine.

Mwaka jana nilikuwa Kinampanda, wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Wengi wanaoijua Kinampanda wanaijua kwa sababu ya chuo chake cha ualimu, ambacho kilianzwa na wamisionari wa Kilutheri na baadaye kikawa cha Serikali. Nilifikia kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa sayansi. Jina lake nalihifadhi. Mzee huyu alibatizwa akiwa mtoto, akaimba kwaya, akafunga ndoa kanisani. Lakini leo akiulizwa dini, anamwambia karani apige mstari. Na karani akimwuliza kama basi yeye ni mpagani au mkana Mungu, mzee anakasirika.

"Mungu yupo, mwanangu," aliniambia. "Nimefundisha mambo ya nyota na mbegu miaka yote hiyo, nitasemaje hayupo? Ninalosema ni kwamba hajamtuma mtu kwangu."

Wenye mawazo ya namna hii kule Ulaya waliitwa wadeisti, na karne ya 18 ndiyo iliyokuwa karne yao. Walishika kwamba ulimwengu unaye Muumba, na kwamba mtu anaweza kumtambua kwa akili yake tu, kwa kutazama jinsi mambo yalivyopangwa. Wengi wao walisema Muumba huyo, akishaziweka kanuni zake, haji tena kuzitengua kwa ajili ya ombi la mtu. Voltaire wa Ufaransa alikuwa mmojawapo. Alijenga kanisa kijijini kwake Ferney na kuandika mlangoni kwamba amelijenga kwa ajili ya Mungu. Mtakatifu hakutajwa hata mmoja.

Kuna watakaosema haya si mageni kwetu. Ni kweli kiasi. Wanyamwezi, walio magharibi ya Iramba, wana majina ya Mungu Mkuu yanayofikirisha sana: Limatunda, yaani Muumba, Limi, yaani Jua, Liwelelo, yaani ulimwengu wenyewe. Na kwa desturi yao ya zamani huyo Mkuu hakuabudiwa moja kwa moja ila kwa nadra. Lakini tusiharakishe kuwaita wazee hao wadeisti. Wao walikuwa na mizimu ya kuwasikiliza, waliitambikia, na mvua ikikawia walijua pa kwenda. Mzee wangu wa Kinampanda hana mizimu wala mchungaji.

Nilimwuliza alianzia wapi. Akanyamaza kwanza. Kisha akanieleza habari za mjukuu wake, mtoto wa miaka 4, aliyefariki kwa homa ya siku 3. Waombolezaji walikuja. Mmoja akasema Mungu amempenda zaidi. Mwingine akasema ni mtihani. Wa tatu akamvuta pembeni na kumnong'oneza jina la jirani. "Nikaona afadhali Mungu aliyekaa mbali," alisema, "kuliko Mungu aliyemwua mtoto ili anipime mimi."

Ndugu msikilizaji, mimi mwenyewe ninasali, na sikuwa na jibu la kumpa. Lakini mkewe alikuwa nalo. Alikuwa ameinama anachambua mchicha, akasema bila kuinua kichwa: "Na huyo asiyesikia, ni wa nini sasa?" Mzee naye hakujibu.

Sheria zetu hazimzuii mzee huyu. Katiba ya mwaka 1977 inasema nchi yetu haina dini, na ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kuibadilisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakubali ndoa ya kiserikali. Hata sensa, tangu ile ya mwaka 1967, haijamwuliza mtu dini yake. Ya mwaka 2022 nayo haikuuliza.

Kinachomsumbua ni kaburi. Hapa mjini tunalijua jambo hili vizuri. Mtu anaweza kukaa miaka 10 bila kukanyaga kanisani au msikitini, lakini kadi anaitunza na michango anatoa, kwa sababu anajua siku moja ndugu zake wataulizwa: marehemu alikuwa akisali wapi? Nadhani wako wengi miongoni mwetu ambao dini yao ni hiyo tu ya kuzikwa, na mzee wa Kinampanda amewazidi ujasiri.

Thomas Paine, Mwingereza aliyeipigania Marekani kwa kalamu, alitangaza imani yake ya kideisti katika kitabu alichoanza kukichapisha mwaka 1794. Alipokaribia kufa aliomba azikwe katika makaburi ya Wakweka, watu wa dhehebu la baba yake. Walikataa. Mwaka 1809 alizikwa shambani kwake, na waliomsindikiza walikuwa wachache mno, yeye aliyekuwa amesomwa na maelfu.

Mzee wangu anaijua habari hiyo. Ameandika karatasi: azikwe kwenye shamba lake, majirani wachimbe kama wanavyochimbiana siku zote, na mmoja wa wanafunzi wake wa zamani asome jina lake, mwaka aliozaliwa na shule alizofundisha. Basi. Wazee wa usharika walikuja kuzungumza naye, kwa heshima, wakanywa chai, wakaondoka. Mkewe ndiye mwenye shida, maana ndiye atakayebaki akitazamwa na watu.

"Mimi nitaomba pale kaburini," alimwambia mumewe mbele yangu. "Utanizuia?"

"Nitakuzuiaje, mama, nami nimelala?" mzee alisema. "Omba. Ila usiwaambie watu kwamba mimi ndiye niliyekutuma."