Tusiuze Mbuzi kwa Neno Tusilolijua

(Mazungumzo kwa wazazi na vijana waliomaliza Kidato cha Nne, Lodwar)



Leo tuzungumze juu ya maneno yaliyomo katika barua ya kuitwa chuo kikuu. Maneno hayo yanaweza kutupotezea mali na miaka. Mzazi anauza mbuzi kumi, mtoto anapanda basi la Kitale, na nyumbani hakuna anayejua digrii ile itamfikisha wapi. Miaka minne ikiisha ndipo tunaanza kuuliza. Basi, tuulize leo.

Kwanza, mlango. Kwa waliofanya KCSE, digrii inataka wastani wa C+ au zaidi, na diploma kwa kawaida C-. Lakini C+ pekee haitoshi. Kila digrii hupima masomo manne, na hayo ndiyo huitwa klasta. A ni alama 12, C+ ni alama 7, kwa hiyo masomo manne hayawezi kupita 48. Ndiyo sababu vijana wawili wenye C+ wanaomba kozi moja, mmoja anaipata, mwenzake anakosa. Si lazima kuwa mtu amehongwa! Wanaopanga nafasi ni KUCCPS, ofisi iliyotokana na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Kijana, chagua kozi zako mwenyewe ukiwa umetazama klasta. Usimwachie mtu wa saiba akuchagulie.

Pili, majina. Hapa ndipo wengi huumia. B.A. ni digrii ya sanaa na masomo ya jamii, B.Sc. ni ya sayansi, B.Ed. ni ya ualimu. Kijana anataka kufundisha sekondari, anachukua B.A. yenye Kiswahili na Historia, akidhani ni kitu kimoja na B.Ed. Sivyo, ndugu zangu. Tume ya Walimu, TSC, haimsajili mtu kwa B.A. peke yake. Itambidi aongeze diploma ya ualimu ya baada ya digrii, na hiyo ni karo nyingine. Hata mwenye B.Ed. anatakiwa awe alipata angalau C+ katika masomo mawili atakayofundisha.

Kazi nyingine nazo zina mabaraza yake. Uhandisi ni miaka mitano, na lazima kozi itambuliwe na Bodi ya Wahandisi. Udaktari ni miaka sita, kisha mazoezi hospitalini. Sheria ni miaka minne, halafu masomo ya uwakili katika Kenya School of Law. Kwa hiyo swali la mzazi liwe hili: “Akimaliza, nani atamsajili?” Asiyeweza kulijibu asipokee pesa zako kwanza.

Tatu, maneno ya huko ndani. Mwaka wa masomo kwa kawaida una semista mbili. Kila somo la semista huitwa yuniti. Kuna majaribio ya katikati, CAT, halafu mtihani wa mwisho. Katika vyuo vyetu vingi, CAT huchukua 30 na mtihani 70. Ukipata chini ya 40 umeanguka, na utafanya mtihani wa kurudia, ambao vijana huita “sapu”. Kuanguka yuniti moja si kufukuzwa, lakini kuficha ndiko kunakoharibu. Na neno “Honours” si digrii nyingine. Ni daraja: la kwanza, la pili juu, la pili chini, kisha kupita tu. Daraja la kwanza huanzia 70.

Neno moja zaidi, na hili ni la kwetu hasa. Ukame ukiingia, mifugo ikifa, karo inakosekana, na mtoto anakaa nyumbani kimya. Chuo kinaona ametoroka. Kumbe kuna njia: kuahirisha masomo. Aandike barua mapema, aeleze sababu, apate jibu la maandishi. Hapo nafasi yake inangoja. Kimya kinaweza kuipoteza nafasi hiyo, lakini barua huilinda.

Juu ya pesa: HELB, iliyoanzishwa mwaka 1995, inatoa mkopo. Mkopo hulipwa. Basari hailipwi. Msizichanganye.

Si lazima kwenda mbali pia. Hapa Lodwar tuna Chuo Kikuu cha Turkana, kilichoanza mwaka 2017 kama chuo kishiriki cha Masinde Muliro cha Kakamega. Chuo kishiriki maana yake kinafundisha chini ya chuo mama, na digrii ni ya chuo mama. Haipungui thamani kwa kuwa imesomewa nyumbani. Ndugu zetu wakimbizi wa Kakuma nao waulizie ufadhili wa DAFI, unaoendeshwa na UNHCR tangu 1992 kwa msaada wa Ujerumani.

Wazee, msiseme, “Mimi sikusoma, nitasaidia nini?” Unapomnunua ngamia unatazama meno, unatazama miguu, unauliza alikotoka. Barua ya chuo nayo iulize hivyo hivyo. Ikija, msiisherehekee tu. Isomwe kwa sauti, neno kwa neno, mkiwa na mwalimu au katekista, kabla mbuzi hata mmoja hajafika sokoni. Kuuliza si ujinga.

Mungu awabariki watoto wetu na awape bidii.