Vifaa vya Kupumulia Chini ya Bahari
(Nakala ya mazungumzo kwa vijana waongozao watalii wazamiaji)



Vifaa vya kupumulia vitumiwavyo na wazamiaji asili yake ni kazi ya Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, huko Ufaransa, mwaka 1943. Sehemu zake kuu ni tatu: mtungi, regulata na geji.

Wengi hudhani mtungi hutiwa oksijeni tupu. Sivyo. Hutiwa hewa ya kawaida iliyoshindiliwa hadi kiasi cha baa 200. Oksijeni tupu huweza kuwa sumu mzamiaji apitapo mita chache tu. Mashine ya kujazia nayo iwekwe mbali na moshi, kwani moshi uingiao mtungini huishia kifuani.

Hakuna pafu liwezalo kuhimili nguvu hiyo. Regulata huipunguza mara mbili: kwanza shingoni mwa mtungi, kisha mdomoni, hadi hewa ilingane na mgandamizo wa maji yamzungukayo mzamiaji. Katika kina cha mita 10 mgandamizo ni maradufu ya ule wa juu. Hivyo kila pumzi hula hewa maradufu, na geji hushuka upesi. Itazamwe mara kwa mara.

Hatari kubwa ni wakati wa kupanda. Hewa iliyovutwa chini hutanuka, na mwenye kuzuia pumzi huweza kupasuka mapafu hata katika kina kidogo. Basi ipandwe polepole, na pumzi isizuiwe abadan.

Tahadhari kabla ya hatari.