Akili ya Mtoto ni ya Nani? Mafunzo Kutoka Vietnam
(Mada iliyotolewa kwa kamati za parokia na wafadhili)



Ndugu wanakamati, wafadhili wetu wapendwa, tunapochagua watoto wa kulipiwa ada, huwa tunauliza kwanza nani ana akili. Leo tunaomba tuulize pia: akili hiyo ni ya nani? Wavietnam wana jibu lao la siku nyingi.

Mjini Hanoi lipo Văn Miếu, yaani Hekalu la Fasihi, lililojengwa mwaka 1070 kwa heshima ya Confucius, yule mwalimu wa Kichina aliyefundisha utii kwa wazazi, heshima kwa walimu na bidii katika masomo. Uani yamesimama mawe 82 ya kumbukumbu, juu ya migongo ya kobe wa mawe. Yamechongwa majina ya waliofaulu mitihani ya kifalme ya kati ya 1442 na 1779, pamoja na kwao walikotoka. Aliyefaulu hakufaulu peke yake. Kijiji kizima kilipata jina.

Mitihani ile ilikoma mwaka 1919, lakini mazoea hayakukoma. Mwaka 1965, katikati ya vita, lilianzishwa darasa maalumu la vijana wenye kipaji cha hisabati, na baadaye shule za namna hiyo zikaenea mikoani. Ngô Bảo Châu, aliyepata Nishani ya Fields mwaka 2010, ni zao lake. Kijana huko hukua akijua kwamba kusoma ni kuwalipa wazazi jasho lao. Kila tarehe 20 Novemba, Siku ya Walimu, wanafunzi huwapelekea walimu wao maua. Kwa hili, tuseme kweli, tunawaonea wivu kidogo!

Lakini heshima hiyo hiyo huweza kumfunga mtoto mdomo. Aliyefundishwa kwamba mwalimu hapingwi ataogopa kuuliza, na kipaji kisichouliza huishia kukariri. Akifeli, aibu ni ya nyumba nzima. Huo ni mzigo mkubwa kwa kijana wa miaka 16. Tena wanawake hawakuruhusiwa kabisa kufanya mitihani ile ya kifalme. Ni akili ngapi zilizobaki jikoni kwa karne zote hizo?

Kwa hiyo tunaziomba kamati: mkimhoji mtoto mwaka huu, wazazi wasubiri nje kidogo, naye apewe nafasi ya kuwauliza ninyi maswali. Fomu mtazipata baada ya chai.