Usikimbilie Kupiga Windows

Mtu anayempelekea fundi laptopu yenye virusi mara nyingi hafiki na maelezo ya ugonjwa. Anafika na hukumu tayari: "Fundi, imejaa virusi hii, nipigie Windows." Fundi ana wateja wengine kwenye benchi, wala habishi. Anafuta kila kitu, anapiga Windows, anapokea hela yake, na mteja anaondoka na mashine nyepesi inayowaka chap. Usiku anaanza kuitafuta ripoti ya mafunzo kwa vitendo, au mahesabu ya duka, au picha za harusi ya dada yake. Hazipo.

Kupiga Windows ni sawa na kukata mguu. Ipo siku hakuna njia nyingine, na siku hiyo ikifika ukatwe. Ila hakuna daktari anayeanzia hapo kwa mgonjwa aliyechomwa na mwiba, na virusi vingi vinavyozunguka mitaani kwetu ni miiba.

Chukua kile cha shotikati, ambacho kila mwanafunzi anayechapisha kazi zake steshenari amekutana nacho. Unachomeka flashi, unakuta mafolda yako yote yana kamshale kadogo pembeni, na kila moja lina ukubwa wa kilobaiti moja au mbili tu. Wengine hukuta flashi tupu kabisa. Watu wanalia, wanaifomati, wanaanza kuandika upya. Kumbe kazi ilikuwa mle mle. Kirusi hiki hakifuti kitu. Kinayaficha mafolda yako, kisha kinaweka mahali pake vikaragosi vyenye majina yale yale. Ukibofya kikaragosi, folda la kweli linafunguka mbele yako, nawe unaona mambo ni shwari. Wakati huo huo kirusi kimeshajinakili ndani ya laptopu na kujipanga kuamka kila unapoiwasha, na kuanzia hapo kila flashi utakayochomeka inatoka na vikaragosi vyake.

Kupima ni rahisi. Tazama flashi imejaa kiasi gani. Ikikuambia gigabaiti 5 zimetumika na wewe huoni faili hata moja, faili zipo, zimefichwa. Ukiwa na ule waya mfupi wa kuunganisha flashi na simu, ichomeke kwenye simu ya Android. Kificho hicho kimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Simu kwa kawaida haikijali, inakuonyesha mafolda yako halisi, na kirusi chenyewe hakina uwezo wa kuamka humo. Nakili kazi zako, ndipo uifomati flashi bila kinyongo. Hata ndani ya Windows kuna mpangilio wa kuonyesha faili zilizofichwa, pamoja na zile za mfumo, na fundi anayeijua kazi yake ana amri fupi ya kuzirudisha zote kwa mkupuo.

Zamani hata kubofya hakukuhitajika. Mwishoni mwa mwaka 2008 kilizuka kirusi kiitwacho Conficker, kikaingia kwenye mamilioni ya kompyuta duniani, na njia yake mojawapo ilikuwa flashi, kwa sababu Windows za wakati ule zilikuwa tayari kuendesha zenyewe kilichomo mara tu flashi ikichomekwa. Microsoft waliiondoa tabia hiyo kwenye Windows 7, na Februari 2011 wakaizima pia kwenye matoleo ya nyuma. Waandishi wa virusi vya flashi wakabaki wanahitaji kidole chako. Ndiyo maana ya vikaragosi vile.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mafundi hawatalipenda, na wateja pia. Hiyo Windows unayopigiwa kwa bei ya sahani ya chipsi mayai inatoka wapi? Aghalabu ni ya wizi, imefunguliwa kwa kreki. Na ili kreki ifanye kazi, maelekezo yake karibu kila mara yanaanza na sharti moja: zima kwanza antivairasi. Basi umetoka nyumbani kwenda kutibiwa, na tiba yenyewe inaanza kwa kumfukuza mlinzi. Mlinzi huyo, Defender, yumo ndani ya Windows 10 na 11, halipiwi hata senti. Simwangushii fundi mzigo wote. Sisi ndio tunaotaka kila kitu leo leo, kwa bei ya kutupa, na programu ya ofisi ya dola nyingi juu, ilhali LibreOffice ni ya bure, ni halali, na barua inaandikika.

Kreki hizo ndizo zilizokibeba kirusi cha kuteka faili kiitwacho STOP, au Djvu. Hiki ndicho kile kibaya hasa kwa mtu wa kawaida. Kinafunga nyaraka na picha zako kwa fumbo, kinaongeza herufi za ajabu mwishoni mwa kila jina la faili, kisha kinakuachia barua ya kudai fidia kwa dola. Kikija, mara nyingine huongozana na mwizi wa nywila, anayekomba zote ulizozihifadhi kwenye kivinjari. Kwa hiyo ukiikuta barua hiyo, kata intaneti. Usichomeke diski yako ya akiba, itafungwa nayo. Chukua simu, usiiguse laptopu ile, ubadilishe nywila za barua pepe na za kila kitu kinachogusa pesa.

Na hapa ndipo haraka ya kupiga Windows inapoumiza zaidi. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bure programu ya kufungua faili zilizofungwa na aina 148 za kirusi hicho. Watu waliokuwa wamekata tamaa kwa miezi walirudishiwa picha zao bila kulipa hata shilingi. Lakini ufunguo unahitaji kufuli. Aliyekuwa amefuta kila kitu siku ile ile, kwa sababu faili "zimeshaharibika", hakuwa na cha kufungua. Kwa aina za baadaye bahati imepungua, kwa kuwa nyingi haziwezi kufunguliwa isipokuwa katika mazingira fulani, ila hilo hulijui mpaka uijaribu programu hiyo.

Mwambie fundi anakili kwanza faili hizo zilizofungwa, pamoja na barua ya wezi, kwenye diski ya pembeni. Barua hiyo ina namba ya utambulisho inayosaidia kujua ni aina gani ya kirusi na kama ufunguo wake upo. Polisi wa Uholanzi na Europol, wakishirikiana na kampuni za usalama wa kompyuta, walianzisha mwaka 2016 mradi wa No More Ransom. Tovuti yake inapokea sampuli ya faili lako na kukujibu bure kama kuna dawa. Jibu likiwa hapana, diski hiyo iweke kabatini na uulize tena baada ya miezi kadhaa, kwa sababu funguo mpya huongezwa kila zinapopatikana.