Daftari la Chakula Si Daftari la Uraia



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo, kwa kulisikia tu, laonekana kuwa la makarani na kompyuta: jinsi idara za serikali zinavyopaswa kuandika habari za watu kwa namna moja, na kwa kanuni gani zipeane habari hizo. Twaomba mtuvumilie. Hapa Garissa ni jambo la kijana anayeteremshwa basi penye daraja la Mto Tana kwa sababu hana kipande.

Wengi wenu mwaijua asili yake. Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991, Somalia ilipovunjika: Ifo, Dagahaley na Hagadera. Wafugaji waliozizunguka kambi hizo walikuwa raia wa Kenya, lakini ukame ulipowamalizia mifugo waliona unga, zahanati na shule viko ndani ya kambi, nao wako nje. Mwaka 2011, wakati wa njaa kuu, hali ilikuwa hivyo hivyo. Baadhi yao wakajiandikisha kama wakimbizi. Tusifichane: walisema lisilokuwa kweli. Lakini mama mwenye watoto watatu na mbuzi waliokufa hakuwa akiukana uraia wake. Alikuwa akitafuta chakula. Na watoto aliowashika mkono kwenye foleni hawakusema neno lolote, waliandikwa tu.

Miaka ikapita. Mtoto akatimiza miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho akiwa na cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi wake. Alama za vidole vyake zikalinganishwa na zile za daftari la wakimbizi, na jibu likarudi kwamba huyu ni mkimbizi. Hapo ombi lake likasimama. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu wapatao 40,000 wa eneo hili walinaswa hivyo. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, haajiriwi, na siku ya uchaguzi hubaki nyumbani.

Sasa tafakarini pamoja nasi. Mtambo haukukosea, vidole ni vyake kweli. Kosa ni kwamba daftari lililofunguliwa ili watu wapewe chakula na hifadhi lilisomwa na ofisi nyingine kana kwamba ni hukumu juu ya uraia. Neno lile lile, "mkimbizi", huku lilikuwa na maana ya mtu aliyepewa kadi ya mgao. Kule likapewa maana ya mtu asiye Mkenya. Madaftari yaliunganishwa kabla ya idara kupatana juu ya maana ya maneno, na kabla ya kuamuliwa ni nani mwenye mamlaka ya kufuta. Ndiyo sababu mwombaji alitumwa kwa idara ya wakimbizi, nayo ikamrudisha kwa idara ya usajili wa watu, naye nauli ikamwishia njiani.

Yako pia mambo madogo yanayozaa makubwa. Jina moja huandikwa Mohamed, Mohammed au Maxamed, kutegemea karani. Jina la tatu la Msomali ni la babu yake, wala si la ukoo, lakini fomu hulichukua kama la ukoo. Waliozaliwa nyumbani huandikiwa tarehe mosi Januari. Palipo na utaratibu mmoja wa kuandika, karani wa Wajir na wa Nairobi wangejua kwamba wanamzungumzia mtu mmoja. Kwa hiyo hatupingi idara kupatana. Twapinga mapatano yanayofanywa bila mwenye jina kuwapo.

Mkoa huu una kumbukumbu. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa wafike kuhakikiwa, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho walichokuwa nacho tayari. Raia mmoja karatasi mbili, ilhali mwenzake wa Nyeri alitosheka na moja. Kwa watu waliopitia hayo, kuambiwa kwamba daftari jipya ni kwa faida yao hakutoshi.

Sheria, tunashukuru, imesogea mbele. Katiba ya 2010, ibara ya 12, yampa kila raia haki ya kitambulisho. Ibara ya 35 yampa kila mtu haki ya kudai habari potovu zinazomhusu zisahihishwe au zifutwe. Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa mwaka 2019. Januari 2020 Mahakama Kuu iliruhusu Huduma Namba iendelee kwa sharti la kuwekewa kanuni za kutosha, na Oktoba 2021 ikaona kwamba kadi zake zilitolewa bila kupima kwanza madhara yake kwa siri za watu. Februari 2025 Rais alitangaza mjini Wajir mwisho wa uhakiki wa ziada kwa waombaji wa mikoa ya mpakani. Tulilipokea tangazo hilo kwa furaha. Hata hivyo, kuondoa kamati ya wazee mezani si sawa na kufuta mstari ndani ya kompyuta.

Twataka idara moja itajwe kisheria kuwa ndiyo yenye kusahihisha, ipewe muda maalumu wa kujibu, na itoe jibu kwa maandishi. Twataka pia alama iliyowekwa na ofisi moja isimzuie mtu katika ofisi nyingine kabla hajasikilizwa.

Mkitoka, mtaikuta meza kando ya mlango. Vijana wetu wataandika barua ya kudai masahihisho chini ya ibara ya 35, kwa kila anayehitaji. Njooni na nakala za cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, na mtaje tarehe ya kila safari mliyokwenda ofisini hata kama hamkupewa risiti. Nakala moja ya barua itabaki kwenu.